Kupanda cheo cha urubani katika Elite Dangerous: njia niliyopita mimi, Malindi

Kwetu Malindi, rubani ni mtu wa bahari kabla hajawa mtu wa anga. Vasco da Gama alipotia nanga hapa mwaka 1498 alikuwa na mizinga ya kutosha. Alichokosa ni mtu anayezijua pepo na njia. Mfalme wa Malindi akampa rubani, na rubani huyo akamvusha hadi Calicut. Naanza na kisa hiki kwa sababu vijana wanaokuja kwangu kujifunza Elite Dangerous, mchezo wa video wa kuendesha vyombo vya anga, karibu wote, swali lao la kwanza ni moja: "Kaka, silaha gani kali?" Mimi huwaambia tuiache silaha kwanza, tushike usukani.

Mchezo wenyewe una asili ndefu. Elite ya kwanza ilitungwa na David Braben na Ian Bell huko Uingereza ikatoka mwaka 1984. Hii ya sasa ilitoka Desemba 2014. Unapewa chombo kidogo na fedha kiduchu, na galaksi yetu nzima ya kuzurura. Kuna vyeo vya biashara na vya uvumbuzi pia, lakini hapa nazungumzia cheo cha mapigano peke yake.

Hatua ya 1: Jua ngazi unayoipanda

Cheo cha mapigano kina madaraja 9. Unaanza Harmless, yaani asiyedhuru mtu, kisha Mostly Harmless, Novice, Competent, Expert, Master, Dangerous, Deadly, halafu Elite. Ukishafika Elite kuna vidato vingine 5 juu yake, kwa anayetaka kuendelea.

Mambo mawili yashike mapema. La kwanza, cheo hakishuki. Chombo kikilipuliwa utapoteza fedha na hati za zawadi (stakabadhi za fedha za kuwaangusha wanaotafutwa) ulizokuwa hujazipeleka kituoni, lakini asilimia yako ya cheo inabaki pale pale. La pili, maadui hawahesabiwi sawa. Ukimwangusha Elite mmoja unasogea kuliko ukiangusha Harmless kadhaa. Kwa hiyo usihesabu vichwa, tazama vyeo. Ukimlenga adui, cheo chake kinaandikwa pale chini kushoto, na asilimia yako wewe utaiona kwenye paneli ya kulia.

Hatua ya 2: Tengeneza mahali unapochezea

Nitapita haraka hapa. Chezea kwenye kompyuta, si kwenye PlayStation wala Xbox, maana tangu 2022 watengenezaji walitangaza kwamba nyongeza mpya hazitapelekwa huko. Mchezo unataka intaneti hata ukicheza peke yako. Chagua hali ya Solo: cheo kinapanda vilevile, na intaneti yetu ya pwani ikiyumba haikuponzi mbele ya mchezaji mwingine mwenye laini ya kasi.

Umeme nao. Mwaka juzi nilikuwa nimejaza hati za zawadi za saa tatu, taa zikazimika mtaa mzima. Tangu siku hiyo nina betri ya akiba inayonipa dakika chache za kutoka vitani na kufunga mchezo kwa amani. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, fungua kompyuta uisafishe feni mara kwa mara. Kompyuta ikichemka picha hukwama, na picha ikikwama katikati ya kona, adui hakusubiri.

Hatua ya 3: Usipande chombo usichoweza kukilipia mara mbili

Chombo kikilipuliwa, bima inakurudishia kwa asilimia 5 ya thamani yake pamoja na vifaa ulivyofunga. Ukikosa hiyo asilimia 5, unarudi kwenye Sidewinder, chombo cha bure cha kuanzia. Nimeona kijana amelia kwa jambo hili, na sikumcheka, maana ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Mimi sitoki kituoni mpaka niwe na akiba ya kulipa bima mara 3.

Safari yangu ilikuwa hivi: Sidewinder, kisha Eagle kwa ajili ya kujifunza kona, kisha Viper, kisha Vulture. Hiyo Vulture naipenda kwa dhati. Gharama yake ni karibu krediti milioni 5 kabla ya vifaa, ina nafasi mbili tu za silaha, lakini ni nafasi kubwa, na inageuka kama ngalawa. Udhaifu wake ni mtambo wa nguvu: ukifunga vitu vizuri vyote, umeme wa ndani hautoshi. Dawa ni kuingia kwenye paneli ya kulia, sehemu ya vifaa, ukazima mlango wa shehena. Huna shehena, mlango wa nini? Kiasi kile kidogo cha nguvu mara nyingi ndicho kinachokosekana.

Hatua ya 4: Nukta 6

Hapa ndipo cheo kinapopatikana, na hapa ndipo ningependa ukae hata wiki nzima.

Mbele yako, karibu na rada, kuna safu tatu: SYS, ENG na WEP. SYS ni ngao, ENG ni injini, WEP ni silaha. Una nukta 6 za nguvu ya chombo za kugawa, na safu moja haizidi 4. Mchezo unaanza na 2, 2, 2, na watu wengi wanapigana hivyo hivyo mpaka wanalipuliwa.

Aliyekaa kwenye mashua anaelewa haraka. Nahodha hafungi kamba ya demani akalala. Upepo ukizidi anaregeza, ukipungua anakaza, na mkono hauachi kamba. Nukta ndizo demani yako. Unapomfuata adui na yeye hakutazami, weka 4 kwenye WEP. Akigeuza omo yake kwako na moto ukaanza kuja, papo hapo peleka 4 kwenye SYS: ngao zikiwa na nukta 4, zaidi ya nusu ya kishindo kinapunguzwa. Unapotaka kukimbia au kufunga kona kali, 4 kwenye ENG. Pambano la dakika mbili linaweza kunifanya nibadilishe nukta mara ishirini.

Zoezi ninalowapa vijana: nenda mahali pa amani, hakuna adui, sema kwa sauti "ananitazama", "hanitazami", "natoka", na kila neno vidole vibadilishe nukta bila macho kushuka. Ukishaweza hivyo huku unazungumza na mwenzako, uko tayari. Huu ndio mzigo wa mwongozo wote. Mengine nitakayosema yanaweza kukupita na bado ukapanda. Hili likikupita utakwama Competent muda mrefu.

Hatua ya 5: Ukanda wa buluu

Kwenye kipimo cha mwendo kuna ukanda wa buluu katikati. Chombo kinageuka vizuri zaidi mwendo ukiwa ndani ya ukanda huo. Mgeni hukanyaga mwendo mpaka mwisho, akampita adui, akazunguka duara kubwa kama meli ya mizigo. Punguza. Acha adui akimbie, wewe kata kona kwa ndani.

Lengo lako ni kukaa tezi yake, nyuma yake, mahali ambapo silaha zake nyingi hazikufikii. Akigeuka nawe geuka. Akipunguza, punguza. Msielekeane omo kwa omo kama si lazima, maana hapo mwenye silaha nyingi anashinda na urubani wako haukusaidii kitu.

Baadaye utajifunza kuzima usaidizi wa urukaji. Ukiuzima, chombo kinaendelea kuteleza kilikokuwa kinakwenda huku wewe ukigeuza omo upande mwingine, kama mashua inayosukumwa na mkondo ilhali mbele yake inatazama pwani. Inasumbua mwanzoni. Mimi niliiacha mpaka nilipofika Expert, na sioni kama nilikosea.

Hatua ya 6: Mahali pa kuwinda

Maharamia hujaa kwenye pete za sayari, mahali pa uchimbaji, na mchezo umepanga sehemu hizo kwa ukali: Low, ya kawaida, High na Hazardous. Si zote nne za kwako leo. Anza Low au ya kawaida, na ingia bila shehena yoyote. Haramia atakukagua, ataona ghala tupu, atakuacha, nawe utachagua wa kupigana naye kwa wakati wako.

Sehemu hizo zina askari. Jifunze kupigana pembeni yao. Tafuta haramia ambaye askari wameshamvamia, mpige wewe pia, na hata kama risasi ya mwisho ni ya askari, zawadi unaipata na cheo kinasogea. Nilifika Novice kwa njia hii na hakuna aibu ndani yake.

Lakini kabla ya kufyatua, mkague. Mlenge, muelekee, subiri sekunde chache mpaka neno Wanted litokee, yaani anatafutwa. Ukimpiga asiyetafutwa, wewe ndiye mhalifu, na askari wale wale watakugeukia. Lilinifika nikiwa na haraka: nilifyatua nusu sekunde kabla ukaguzi haujaisha, juu ya mchimbaji wa watu asiye na kosa. Nikipona, nilisema, sitarudia, na sijarudia.

Ukiwa Expert au zaidi, hamia High. Hazardous ni kwa siku ambayo nukta zako zinabadilika zenyewe, kwa sababu kule hakuna askari kabisa. Kuanzia Dangerous kwenda juu, mimi nilipata mwendo mzuri kwenye viwanja vya vita vya mifumo ya nyota yenye makundi yanayogombana: unachagua upande kwenye paneli ya kulia, hakuna cha kukagua, wekundu ni maadui, na wengi wao wana vyeo vikubwa.

Kuna kifaa cha kukagua hati za mifumo mingine. Kinaongeza fedha za zawadi. Kwa cheo si muhimu, na kinachukua nafasi ambayo ningeweka kiongeza ngao.

Hatua ya 7: Sasa silaha

Leza zinakula ngao. Risasi za mizinga hazifui dafu mbele ya ngao, lakini zinararua mwili wa chombo. Kwa hiyo changanya: kwenye Vulture, leza moja na mzinga mmoja wa rashasha. Ngao za adui zikiwa juu piga leza, zikianguka fungua mzinga. Chagua zile silaha zinazojipinda zenyewe kumfuata adui. Zina nguvu kidogo kuliko zisizopinda, lakini kwa mwanafunzi risasi inayofika ni bora. Adui akimwaga vipande vya kuvuruga rada, silaha hizo zitapotea njia. Hapo ondoa kulenga, nazo zitapiga mbele moja kwa moja mpaka vipande viishe.

Kwa Anaconda na vyombo vingine vikubwa, ngao zikishaanguka usipige ovyo. Chagua mtambo wake wa nguvu kama shabaha na upige hapo tu.

Ukipata nafasi, nenda mfumo wa Deciat kwa fundi Felicity Farseer akuboreshee injini za kusukuma. Nilihisi tofauti kwenye kona ya kwanza.

Hatua ya 8: Kurudi

Wazee wetu wa pwani husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kituo ndicho ngama yako. Ngao zikianguka mara mbili ndani ya uwindaji mmoja, au mwili wa chombo ukishuka chini ya asilimia 60, rudi. Peleka hati, tengeneza chombo, jaza risasi, toka tena. Kijana mmoja hapa Shella ya Malindi alikuwa anapigana vizuri kuniliko, lakini alibaki nyuma yangu kwa miezi kwa sababu alikuwa harudi mpaka alipuliwe, kisha anatumia siku mbili kutafuta fedha za bima. Nilipomwekea sheria hii ya asilimia 60, akanipita.

Cheza saa moja au saa moja na nusu, si usiku kucha. Vidole vikichoka nukta hazihami, na hapo unarudi kuwa mtu wa 2, 2, 2.

Siku utakayofika Elite utapewa kibali cha kuingia Shinrarta Dezhra, mfumo uliofungwa kwa wengine. Kule kuna kituo cha Jameson Memorial, kinachouza karibu kila chombo na kila kifaa. Mimi nilikwenda jioni ya siku ile ile. Kaskazini kidogo ya dawati langu, ng'ambo ya ghuba, ni Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 Waitaliano waliirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa lililosimama baharini, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Nilitia nanga Jameson Memorial, nikaenda sehemu ya kuandika jina la chombo, na Vulture yangu nikaipa jina hilo.