Kabla mswada wa elimu haujasomwa: mambo ya kuzingatia kwa bodi za shule

Tangazo la Bunge la kuomba maoni kuhusu mswada huwa ni kipande tu cha ukurasa wa gazeti, na mwishoni kuna tarehe na saa: maoni yamfikie Karani wa Bunge la Taifa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mara ya kwanza bodi yetu kujaribu, tangazo lilitufikia Alhamisi usiku na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Tukakaa Jumamosi kutwa chini ya mwarobaini wa shule, watu 9, tukaandika kurasa nne. Zilikuwa kurasa za kweli: madawati yaliyovunjika, walimu wa BOM, yaani walioajiriwa na bodi ya shule yenyewe, wanaodai mishahara ya miezi miwili, watoto wanaorudi nyumbani mchana kwa sababu hawana hela ya chakula. Zilifika kwa wakati. Lakini nikizisoma leo sioni mstari hata mmoja unaosema ni kifungu gani kibadilishwe, na kikibadilishwa kisomekeje. Tuliipa kamati ya Bunge kilio, ilhali kazi yake pale ilikuwa kushughulikia maneno ya sheria.

Ndiyo maana ninawaandikia wenzangu wa bodi za shule za umma hapa Kenya mambo ya kutayarisha mapema, mswada ukiwa bado haujaonekana. Ukishaonekana, muda hautoshi.

Hesabu ya siku ni hii. Mwaka wa vikao vya Bunge la Taifa huanza Jumanne ya pili ya Februari na kwisha Alhamisi ya kwanza ya Desemba. Mswada wa kawaida ukichapishwa hukaa siku 14, ndipo usomwe kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hupelekwa kwa Kamati ya Elimu, na kanuni za Bunge zinaitaka kamati irudishe ripoti ndani ya siku 20. Katika siku hizo 20 kuna kutangaza, kupokea maoni, kuwasikiliza watu na kuandika ripoti yenyewe. Siku zinazobaki mikononi mwa mwananchi ni chache mno. Kwa hiyo zile 14 za mwanzo, ambazo hakuna anayekuuliza chochote, ndizo za thamani. Mteue mtu mmoja kwa jina, na kazi yake iwe kufungua tovuti ya Bunge kila wiki na kuangalia orodha ya miswada. Asiwe mwalimu mkuu, maana ana mitihani na wageni wa kaunti. Sisi tulimpa mama mmoja mwakilishi wa wazazi ambaye ana duka la kupiga chapa na kutoa nakala, kwa hiyo kompyuta iko mbele yake tangu asubuhi. Hajawahi kukosa.

Jambo la pili ni idhini. Bodi ni mkusanyiko wa watu wa pande nyingi: chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kuna wawakilishi 6 wa wazazi, 3 wa mdhamini wa shule, mmoja wa walimu, na hata baraza la wanafunzi lina kiti. Mkisubiri mswada ufike ndipo mwanze kuulizana nani anaruhusiwa kusema kwa niaba ya shule, mtagombana mpaka tarehe ipite. Pitisheni azimio mapema, muhula wa kwanza, linaloruhusu watu wawili au watatu kuandika na mwenyekiti kutia saini, na liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi, lakini pia ni mwajiriwa wa Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Si haki kumsukuma mbele akaseme jambo linaloweza kumgharimu kazi. Atoe takwimu, aweke kumbukumbu, na mwenyekiti ndiye asimame. Bodi zinazomficha mwenyekiti nyuma ya mwalimu mkuu zinamwonea.

Kisha kuna kuusoma mswada wenyewe, si habari za mswada. Gazeti litakueleza kwamba karo imeguswa au kwamba mitihani itabadilishwa; halitakuambia kwamba kifungu fulani kinamhamishia waziri mamlaka ambayo bodi ilikuwa nayo jana. Miswada karibu yote huandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wazazi wengi hunyamaza, si kwa kukosa maoni. Tafuteni mwalimu mstaafu wa mtaani, mkae naye alasiri moja, asome kifungu baada ya kifungu na kukieleza kwa Kiswahili, huku mmoja wenu akiandika maswali. Anzeni na kurasa za mwisho. Huko ndiko mwenye mswada hueleza madhumuni yake, na ndiko husemwa kama mswada unagusa serikali za kaunti. Ukigusa kaunti, utapita pia Seneti, na hapo mna mlango wa pili. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Shule ya msingi na ya sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Nimeona barua nzuri za wazazi wa chekechea zikiishia ofisi isiyohusika kwa kutojua mgawanyo huo.

Sasa nije kwenye takwimu, maana hapa ndipo shule ina nguvu ambayo hata wizara haina. Wizara inajua wastani wa nchi. Bodi inajua siku ambayo mpishi alizima moto kwa sababu mahindi yalikwisha.

Chukua mgao wa serikali wa shule za sekondari za kutwa. Kiwango kilichowekwa tangu 2018 ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na utaratibu ni kutoa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Shule yenye wanafunzi 400, kwa kiwango hicho, hesabu yake ya mwaka ni shilingi 8,897,600, na muhula wa kwanza peke yake ni 4,448,800. Si zote hupangiwa kuingia akaunti ya shule, hilo mhasibu wako atakueleza. Lakini chora jedwali la safu nne: kiasi kilichotarajiwa, kilichoingia, tarehe kilipoingia, na kitu kilichosimama kwa kuchelewa kwake. Safu ya nne ndiyo moyo wa jedwali. Mhasibu wetu ana daftari la jalada gumu la kijani, na kwenye ukingo wa kila ukurasa ameandika kwa penseli: “maabara, hakuna gesi”, “mlinzi amekopeshwa na mwenyekiti”, “karatasi za mtihani kwa deni”. Maneno hayo ya penseli, yakiwa na tarehe na risiti nyuma yake, yana uzito kuliko ukurasa mzima wa kulalamika. Kusanyeni ya miaka mitatu. Ongezeni idadi ya walimu wa TSC mlio nao, wale wa BOM, na nani anayewalipa, kwa sababu jibu la swali hilo la mwisho karibu kila mahali ni mzazi. Fanyeni kazi hii likizo ya Desemba, vitabu vikiwa vimefungwa na mhasibu ana nafasi.

Na msichanganye sheria na pesa; ni barabara mbili. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanayoitaka serikali itoe sodo bila malipo, za kutosha na zenye ubora, kwa kila msichana aliyebaleghe na aliyesajiliwa katika shule ya umma. Sheria nzuri kabisa, na waliopigania kifungu kile wanastahili heshima. Lakini sodo hununuliwa kwa bajeti, na bajeti hupangwa upya kila mwaka. Mpango wenyewe ulihamishiwa idara ya jinsia. Shuleni kwetu mwalimu mlezi wa wasichana bado anaweka pakiti kadhaa kwenye droo ya chini ya meza yake, alizonunua mwenyewe, na wasichana wanajua kugonga mlango wake bila kusema kitu. Kwa sababu hiyo, mbali na kufuatilia mswada, wekeni alama kwenye kalenda tarehe mbili za pesa: Februari 15, mwisho wa kufikisha Taarifa ya Sera ya Bajeti bungeni, na Aprili 30, mwisho wa kufikisha makadirio ya matumizi. Katiba inaitaka kamati ya bajeti iwasikilize wananchi kuhusu makadirio hayo. Bodi za shule huonekana mara chache sana pale, na inaniuma.

Kuandika maoni yenyewe ni kazi ndogo mkishafanya hayo. Mara nyingi Bunge hutaka jedwali: kifungu, mabadiliko mnayopendekeza, sababu. Lifuateni. Msiguse vifungu vyote. Chagueni vitatu mnavyovijua kwa mikono yenu. Tuseme mswada unasema waziri “anaweza” kutoa fedha za shule kwa wakati atakaoona unafaa. Neno la kupigania hapo ni “anaweza”. Andikeni: kifungu kisomeke kwamba waziri “atatoa” fedha hizo si chini ya siku saba kabla ya muhula kufunguliwa. Kwenye sababu wekeni safu ya nne ya jedwali la mhasibu. Kurasa mbili zinatosha. Wekeni muhuri wa shule, saini ya mwenyekiti, na nakala ya azimio la bodi, ili asitokee wa kuuliza kama kweli shule ilikaa na kukubaliana. Majina ya wanafunzi yasionekane popote, hata kama mzazi ameruhusu.

Mbunge wenu mtafuteni Ijumaa au Jumatatu, akiwa nyumbani, kwa sababu Jumanne hadi Alhamisi ni siku za vikao. Hata asipokuwa kwenye Kamati ya Elimu, ana haki ya kupeleka marekebisho mswada ukifika kamati ya Bunge zima, yaani wabunge wote wakiupitia kifungu kwa kifungu, na ana kura. Mpeni karatasi moja yenye maneno yaleyale, si hoja mpya. Na shule jirani zikikubaliana nanyi kuhusu kifungu kimoja, kila moja iandike kwa takwimu zake. Barua kumi zilizonakiliwa zinasomwa kama barua moja.

Mkiitwa kusema mbele ya kamati, mtapewa dakika chache. Katiba, kifungu cha 120, imeweka lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa hiyo mzazi wa Kwale au Taveta asitishwe na mtu kwamba lazima aseme Kiingereza. Apelekwe anayelijua jambo lenyewe. Afanye mazoezi kwa sauti mbele ya bodi, mmoja akiangalia saa, aanze na kifungu na amalizie na mfano mmoja tu. Awe na kitambulisho mkononi getini. Nauli itoke mifukoni mwenu au mchango wa wazazi waliokubali, kamwe si kwenye akaunti ya shule. Mkigusa pesa za shule, mmejifunga mdomo kabla hamjafika Nairobi. Na watoto wabaki darasani. Wapo wanaodhani msururu wa sare unalainisha moyo wa mbunge, lakini siku ya masomo iliyopotea hairudi.

Maoni yakishapelekwa, chukueni nakala yenye muhuri wa kupokelewa, au hifadhini jibu la barua pepe. Ripoti ya kamati ikitoka, tafuteni jina la shule yenu kwenye orodha ya waliotoa maoni, kisha someni kamati ilisema nini kuhusu kila pendekezo na kwa sababu gani. Pendekezo lililokataliwa na sababu yake lina faida, kwa maana Seneti, au mswada utakaofuata, utakuta mmeshajua pa kurekebisha. Mswada ukipita, Rais ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha bungeni.

Wanachama wa bodi hukaa miaka 3, kisha huja wengine. Yetu ya kwanza ilipoondoka, kurasa zile nne zilikuwa kwenye kabati la nyumbani kwa mwenyekiti wa zamani, na ilitubidi tumfuate na pikipiki hadi shambani kwake kuzipata. Sasa kuna faili moja ofisini kwa mwalimu mkuu, rafu ya pili, yenye azimio, jedwali la mhasibu, nakala za muhuri na ripoti za kamati, na ufunguo wa pili anao yule mama wa duka la nakala.