Somo: kuunganisha faiba bila kupoteza mwanga, hasa na hii hewa yetu ya chumvi

Wadau, nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika hapa Mombasa tangu 2009 lakini mpaka leo mwanga unafia juu ya nguzo mtaani, sababu ni joint mbovu, pale faiba mbili (nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga) zinapoungana. Kiini cha faiba ya singo modi (ile yenye njia moja tu ya mwanga), yaani pale katikati mwanga unapopita, ni kama maikromita 9 tu, ukikikosa kwa maikromita 1 ushapoteza karibu desibeli 0.2 (desibeli ndo kipimo cha mwanga uliopotea).

Kwanza ingiza sliivu, kile kibomba cha kulinda joint, kwenye faiba moja. Mie nlishasahau nikiwa juu ya ngazi Kisauni jua la saa saba, ikabidi nikate nianze upya, mwenzangu huko chini anacheka tu.

Pili toa koti, ile plastiki ya juu ya kioo, kama sentimita 3, pangusa na spiriti ya asilimia 99 kuelekea nchani. Ikilia kwii kwenye tishu ishakuwa safi, usiiguse tena na kidole.

Tatu ni kukata na hapa ndo wengi wanaharibu. Kliva, kile kifaa cha kukatia faiba, haikati kama kisu, inakwaruza kioo kidogo halafu inakipinda kivunjike chenyewe, sasa wembe ukichoka ama kukiwa na vumbi ncha inatoka imemeguka kama mdomo wa kikombe kilichogongwa. Pembe ikizidi digrii 1 kata tena, usiibembeleze mashine ya kuunganisha, yeye anapanga ncha tu, ncha mbovu haiponyi.

Nne laza ncha mbili kwenye mitaro ya mashine, funika, mwachie kazi. Mashine ya kupanga kiini inatazama kwa kamera pande mbili ndo inapiga arki, cheche ya umeme inayoyeyusha ncha zishikane. Zile za bei rahisi zinapanga kioo cha nje tu. Kisha sogeza sliivu juu ya joint, iingize kwa oveni ya mashine inywee, basi.

MASWALI

Kaka, mashine yaniambia joint imepoteza desibeli 0.01 tu na mteja bado analalamika?
Hayo ni makadirio ya picha bana, hajapima mwanga. Piga OTDR, kile kifaa kinachotuma mwanga na kupima unaorudi, pande zote mbili uchukue wastani, na angalia kama faiba haijakunjwa sana ndani ya boksi.

Niko Nyali, asubuhi arki inayumba yumba.
Unyevu huo. Ukiitoa mashine kwa gari lenye AC lenzi zinaingia ukungu, iache nusu saa kwanza, halafu fanya kalibresheni ya arki (mashine ijirekebishe nguvu ya cheche) kila siku kabla ya kazi. Ikiendelea angalia elektrodi, zile ncha mbili zinazotoa arki.

Vile vipande vya faiba vilivyokatwa nikitupa chini kuna shida?
Ipo dadangu! Weka chupa yenye kifuniko. Kimoja kiliniingia kidoleni, nikakitafuta usiku kwa tochi ya simu na kibano cha nyusi cha mke wangu.