Kupe hawaishi? Angalia kwanza unapimaje dawa

Naona wengi mnalalamika dawa za kuogeshea ng'ombe siku hizi ni maji matupu, hata mi nilikuwa nasema hivohivo mpaka mtamba wangu akafa na ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ndo nikaanza kujiuliza hivi naogeshaje. Kumbe nilikuwa napima dawa kwa kizibo cha soda!

Nunua sirinji ya mililita (mil) 20, bei yake ndogo tu. Amitraz, dawa ya kuua kupe, ile ya asilimia 12.5 ni mil 2 kwa lita ya maji, yani bomba la kupulizia la lita 20 linataka mil 40. Cypermethrin na ndugu zake, dawa nyingine za kupe, wana kipimo chao, soma lebo. Ukipunja ili chupa ikae sana, kupe wanaizoea dawa, wale wagumu waliobaki ndo wanaozaliana, na jike moja likishashiba likadondoka linataga mayai maelfu. Ikishazoeleka usibadili jina la chupa tu, badili dawa yenyewe iliyomo ndani, maana dukani utakuta chupa tatu rangi tofauti zote amitraz.

Ogesha asubuhi ukishamaliza kukama, na wape maji wanywe kwanza, ng'ombe mwenye kiu atajilamba. Vaa glavu, simama upande upepo unakotokea. Puliza kinyume na manyoya yanavyolala, alowe mpaka dawa ichuruzike tumboni. Ng'ombe mkubwa anaweza kula nusu bomba, sasa wewe unayeogesha wanane kwa bomba moja unawapaka marashi hao. Usiruke kwapani, kwenye kiwele, chini ya mkia.

Halafu masikio jamani. Kupe wa kahawia anayeleta ndigana kali makao yake ni humo ndani, likunjue sikio uangalie, utakuta wamejipanga kama punje za mtama, na ukipitisha bomba juujuu hawaguswi hata mmoja.

Rudia kila wiki, na sehemu ambayo ndigana kali imeshamiri mara mbili kwa wiki, kwasababu huyo kupe akishang'ata inachukua siku kadhaa ndo amwambukize ng'ombe, kwahiyo ukimuua mapema umemuwahi.

Ukishika matezi chini ya sikio ukayakuta yamevimba, ana homa na hali chakula vizuri, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Buparvaquone, dawa ya kutibu ndigana kali, inasaidia ikiwahi, akishaanza kutoa povu puani mara nyingi ni hela inapotea tu.

Chanjo ya ndigana kali ipo, ndama anachomwa mara moja na kuvishwa hereni, ila haimkingi na ndigana baridi wala ugonjwa wa kukojoa damu, so bomba usiliuze. Na yule punda wako wa kubeba maji usimpulizie amitraz hata kidogo, utumbo wake unaweza kugoma kabisa.