Namna ya Kueleza Umbo la Jani

Anayetaka kueleza umbo la jani hana budi kujua kwanza jani moja linaanzia na kuishia wapi, kwa kuwa wengi hukosea hapo kabla hawajafika kwenye umbo lenyewe. Chukua mharage uliokwisha kustawi shambani, Mbozi au Rungwe. Vipande vitatu vimeshikwa na kikonyo kimoja, na mtu huviita majani matatu. Fuata kikonyo hicho hadi kinapoungana na shina, kisha uchungulie kwapani, yaani kwenye pembe kati ya kikonyo na shina: utaona chipukizi dogo. Mahali vinapoungana vile vipande vitatu hapana chipukizi. Kwa hiyo vyote ni jani moja, nalo huitwa jani ambatani. Kila kipande kingeweza kuitwa kijani, lakini neno hilo limekwisha kushikwa na rangi, hivyo mimi huandika kijijani. Jani la chai, la kahawa au la parachichi, lenye ubapa mmoja tu, yaani sehemu moja pana ya jani mbali na kikonyo, ni jani sahili.

Usichague jani changa. Majani mawili ya mharage yanayofunguka mwanzo baada ya kuota ni sahili, na baadhi ya aina za mkaratusi huwa na majani mapana yasiyo na kikonyo mti ukiwa mchanga, ilhali ukikomaa hutoa majani marefu yaliyopinda kama mundu.

Ukishapata jani lililokomaa, lilaze juu ya karatasi na utafute sehemu iliyo pana zaidi. Upana ukiwa katikati, umbo ni la duaradufu. Ukiwa karibu na kikonyo, ni la yai. Ukiwa karibu na ncha, ni la yai lililogeuzwa. Jani refu, jembamba, lenye ncha kali huwa na umbo la mkuki, na la mhindi ni la utepe. Msonobari wa Sao Hill una sindano, na hapo hakuna mengi ya kueleza zaidi ya kuhesabu ziko ngapi katika kila kitita.

Gimbi linahitaji uangalifu. Kwa kulitazama juu tu, utaandika kwamba lina umbo la moyo kama jani la kiazi kitamu, lakini ukiligeuza utaona kikonyo kimeshika mgongoni mwa ubapa, ndani ya ukingo, kama mpini wa ngao. Umbo hilo huitwa la ngao. Mnyonyo nao hushikwa hivyo hivyo, ingawa ubapa wake umegawanyika kama kiganja.

Malizia kwa kupitisha kidole ukingoni. Jani la chai la Mufindi, kwa mfano, litaandikwa hivi: jani sahili, umbo la duaradufu, ncha iliyochongoka, ukingo wenye meno madogo ya msumeno, kikonyo kifupi. Ongeza urefu na upana kwa sentimita, ukipima ubapa peke yake bila kikonyo.