Kupogoa miti ya nyumbani kwa chenso ndogo ya betri, kwa sisi wa Moshi na Arusha

Wakuu, mtu mwenye kiwanja Moshi ana miti, apende asipende. Mvua ipo, udongo wa mlima una rutuba, ukiisahau kona moja miezi michache unakuta boganvilia imeshapanda bati, mparachichi umejifunga mpaka ndani hakuingii jua, mgrevilea wa mpakani umeinamia kwa jirani na michongoma ya getini inachubua kila bodaboda inayopita. Na dawa yetu wengi ni ile ile, kusubiri. Tunasubiri mpaka tawi lianze kukwaruza bati usiku, au mpaka Desemba ndugu wanapanda kuja kuhesabiwa na hakuna pa kupaki gari, ndo anatafutwa kijana wa chenso ya petroli, anakuja siku anayojua yeye, anawasha mtaa mzima unajua, na kwa vile analipwa kwa kazi nzima anakata kila kinachofikika, mti unabaki kama nguzo ya TANESCO.

Tangu nipate chenso ndogo ya betri na mkasi wake hayo mambo nimeachana nayo. Natoka jioni kumwagilia, naona tawi limekauka, naingia ndani nachomeka betri, nakata, narudisha, chai bado ina moto. Hamna kuvuta kamba mpaka bega liume, hamna kuchanganya petroli na oili, hamna kabureta kuziba kwasababu mashine ilikaa na mafuta toka Pasaka. Na utamu wenyewe uko hapo, kwamba ukiwa na kitu kinachowaka kwa kubonyeza tu unapogoa kidogo kidogo kila unapoona shida, mti haufiki hatua ya kukuogopesha. Kwahiyo haya maelekezo ni ya mtu anayetaka kupogoa. Kama shida yako ni kuangusha mgrevilea mzima upasue mbao, muite tu mwenye petroli, usiue mota ya watu bure.

Tuanze dukani. Usiulize chenso kwanza, uliza betri, kwasababu betri ndo utakayoishi nayo na ndo yenye gharama, mashine ikiwa tupu bila betri mara nyingi bei yake inashuka sana. Chagua familia moja ya betri ukae nayo. Makita wana 18V yao, DeWalt wana 20V, Ingco na Total ambao ndo wamejaa kwenye maduka ya vifaa mjini nao wana zao za 20V, na betri ya huyu haiingii kwa yule. Kama tayari una drili ya betri nyumbani, angalia kwanza kampuni hiyo hiyo ina chenso na mkasi, umeshaokoa hela ndefu. Na usitishike na 18 na 20, ni kitu kimoja, ndani kote kuna seli 5 za lithiamu zimeunganishwa mstari mmoja, ila mmoja kaandika voti za kawaida na mwingine kaandika za betri ikiwa imejaa.

Sasa kuna zile za bei chee zisizo na jina, utakuta stika imeandikwa 48VF, 88VF, hata 388VF, na muuzaji anakuambia eti namba ikikua nguvu nayo inakua. Achana na stika. Chukua chaja uigeuze, soma pale pameandikwa output. Ikiwa 21V basi hiyo betri ni seli 5 kama za wenzake, maana seli moja ikijaa inafika 4.2V, zidisha mara 5 unapata 21 yako, hamna 388 hapo. Alafu pima kwa mkono. Seli ya kawaida, ile ya duara inaitwa 18650, ina uzito wa gramu 45 hivi, na betri nyingi za bei chini zinazosema 4Ah (hiyo Ah ndo kiasi cha chaji inachobeba) zinatakiwa ziwe na seli 10 ndani, kwahiyo karibu nusu kilo kabla hujahesabu plastiki. Ukiinyanyua ikawa nyepesi ujue wameweka 5 na stika ya uongo, utakata matawi mawili matatu inazima. Sio kwamba za bei chee zote ni mbovu, nazijua zinazofanya kazi vizuri tu, ila nunua ukijua unanunua nini. Na kama mfuko unaruhusu chukua yenye mota isiyo na brashi (dukani wanaiita brushless), haichemki haraka na betri inakaa muda mrefu zaidi.

Mashine zenyewe, mtu wa nyumbani anahitaji mbili. Wa kwanza ni mkasi wa betri, unaokata vijiti mpaka unene wa sentimita 2.5 au 3, na huo ndo utautumia kuliko unavyodhani. Ya pili ni chenso yenye baa ya inchi 6, baa ni ule ulimi wa chuma ambao mnyororo unauzunguka. Inchi 4 inachoka mapema kwa miti ya huku, na inchi 8 mara nyingi inaanza kuwa nzito kwa mkono mmoja unaanza kuishika vibaya. Ya inchi 6 inakata tawi la unene wa kifundo cha mkono bila kulalamika, na la unene wa paja la mtoto ukienda taratibu. Kuna na zile za mti mrefu, baa ipo juu ya bomba la kurefusha, hizo ni nzuri kwa mgrevilea lakini azima kwanza ujaribu, zinachosha mabega.

Kabla hujawasha chochote tuongee kuhusu vidole. Hizi chenso ndogo zinadanganya sababu ni nyepesi, mtu anashika mashine mkono wa kulia na wa kushoto anashika tawi lile lile analokata, sentimita chache kutoka kwenye mnyororo. Usifanye hivyo. Mkono wa pili uwe kwenye mashine kama kuna pa kushika, la sivyo uwe mbali kabisa. Kitu kingine ni ncha ya baa, ile sehemu ya juu kabisa mbele ikigusa tawi lingine wakati mnyororo unazunguka mashine inaruka inakuja usoni, kwahiyo kata kwa katikati ya baa na uone ncha iko wapi muda wote, hasa kwenye mparachichi ambao matawi yamerundikana. Miwani ya fundi lazima, glavu, viatu vya kufunika, kandambili hapana. Usipande nayo ngazi, na huo mkasi unaouona kama mdogo unakata kidole kama unavyokata tawi la kahawa, hauulizi. Ukitaka kugusa mnyororo au kutoa jani lililokwama chomoa betri kwanza, kila mara, hata kama ni sekunde mbili.

Kukata kwenyewe sasa. Tawi dogo la mkasi halina maneno, kata karibu na jicho linaloangalia nje ili chipukizi jipya lielekee nje ya mti. Tawi zito ndo lina utaratibu na ndo wengi wanaharibu. Ukikata toka juu moja kwa moja, katikati ya kazi tawi linavunjika kwa uzito wake na linachuna gome mpaka chini kwenye shina, unaacha kidonda cha miaka. Kwahiyo unakata mara tatu. Wa kwanza anza chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, ingia robo ya unene hivi. Wa pili uwe juu, umesogea nje kidogo ya ule wa kwanza, kata mpaka tawi lianguke, litavunjikia pale na gome litaishia pale. Kimebaki kisiki kifupi ambacho hakina uzito, hicho ndo unakikata vizuri. Angalia pale tawi linapotoka kwenye shina, utaona sehemu imevimba imezunguka, gome lina mikunjo. Huo uvimbe uache, kata nje yake tu. Ukikata kwa kulaza baa kwenye shina umeondoa ile sehemu inayofunga kidonda, na ukiacha kisiki kirefu kinaoza kinaingiza uozo ndani. Ukipata sawa, baada ya msimu unaona gome limeanza kujikunja kuzunguka mkato. Na usipake rangi wala oili chafu kwenye kidonda, mti unajifunga wenyewe.

Mti na mti una tabia yake. Mgrevilea ni rahisi, mbao laini, unaondoa matawi ya chini shina linyooke, matawi yanaenda jikoni. Mparachichi uende nao pole pole, pogoa ukishavuna, na usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, sababu matunda yanakaa kwenye ncha za matawi, ukinyoa kichwa chote umenyoa na mavuno. Alafu gome lake linaungua na jua, ukifungua mti ghafla paka chokaa kwenye matawi yaliyobaki wazi. Kwa wenye kihamba cha kahawa kule Kibosho, Uru, Machame, mkasi wa betri ni raha tupu kwenye kutoa vichipukizi na matawi yaliyochoka, kiganja hakiumi jioni, na chenso unaitumia pale unapokata shina la zamani kulifufua, kama sentimita 30 mpaka 45 toka chini, mkato uwe mshazari maji yasitulie. Ukiwa na wasiwasi na kahawa yako wapo TaCRI, watu wa utafiti wa kahawa, pale Lyamungu, ndo kazi yao. Mgomba na masale usiweke chenso kabisa, zile nyuzi zinajisokota kwenye gia unakaa nusu saa unachokonoa na bisibisi, chukua panga. Na ukimaliza mti unaoonekana mgonjwa futa meno ya mashine kwa spiriti kabla hujahamia mwingine.

Jiandae tu na kitu kimoja, majirani. Mama mmoja mtu mzima wa upande wa pili alisimama kwenye fensi ananitazama. Shikamoo mama. Marahaba baba, hicho kidude ndo kinakata mti hivyo? Nikamjibu ndio mama, kina betri. Akasema basi ukimaliza hapo vuka huku, maana kijana wangu akija na panga lake ananimalizia mti. Hapo huna ujanja, unavuka, na unarudi na mkungu wa ndizi.

Mnyororo. Angalia kinachotoka. Ukitoa chenga nzuri una makali, ukitoa unga na unaanza kusukuma mashine kwa nguvu makali yameisha, piga tupa ya duara ndogo, saizi imeandikwa kwenye kile kitabu ambacho wote tunatupa na boksi, piga jino moja moja kwa pembe ile ile, idadi sawa kila jino. Mnyororo mpya unalegea haraka siku ya kwanza, chomoa betri, uvute katikati ya baa, unatakiwa unyanyuke kidogo urudi wenyewe, ukining'inia kaza. Ukiurudisha baada ya kusafisha hakikisha meno ya juu yanaangalia mbele, ukiuvaa kinyume mashine inatoa moshi na haikati kitu. Nyingi za bei ya chini hazina pampu ya oili, kwahiyo unadondoshea mwenyewe kila baada ya muda, oili safi ya mnyororo, ile nyeusi iliyotolewa kwenye gari hapana, ina chembe za chuma na unaimwaga kwenye kitu unachokula.

Betri haili umeme. Ya 18V na 4Ah ni 72Wh, uniti moja ya LUKU, yaani 1000Wh, inaijaza zaidi ya mara 10 hata ukitoa umeme unaopotea njiani. Ikitoka kazini ina joto iache ipoe kwanza ndo uchaji, usiiache kwenye buti la gari jua la Februari, na kama hutaitumia muda mrefu iweke ikiwa nusu, sio imejaa wala imekauka. Umeme ukikatika chomoa chaja, unavyorudi sote tunajua unavyorudi, au tumia ile gadi ya friji.

Tawi lililo karibu na waya wa umeme usiliguse, mwenye hizo za bomba refu ndo kabisa, bomba nyingi ni za alumini. Waite TANESCO waje wakate wao. Na kupogoa ni kupogoa, ila kama unataka kuondoa mti mzima pita kwanza ofisi ya mtendaji uulizie kibali, mkoa huu watu wa misitu hawana mchezo.

Kama unanunua kwa ajili ya mzee kijijini, mpelekee mkasi na betri mbili, chenso baki nayo wewe. Mzee atashinda kwenye kahawa na mkasi wake, betri moja ikiisha anachomeka ya pili, na matawi makubwa atakuachia ukipanda Desemba.