Namna ya kuijua karabai oji na spea zake kabla hujatoa hela

Wadau wa vitu vya zamani, hasa nyie wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe na huko visiwani, saiv ndo muda wa kutafuta karabai. Wavuvi wengi wa dagaa wameshahamia taa za LED za betri na sola, kwaiyo zile taa za presha zilizokuwa zinakesha juu ya maji wiki za giza zimebaki zinaning'inia kwenye mabanda ya kambini, na zingine zishafika kwa watu wa skrepa wanazivunjavunja wanauza shaba kwa kilo, kitu kinauma kweli. Ukipita Makoroboi au ukiulizia kule mwaloni Kirumba hukosi mtu anayejua mtu anayo. Shida inaanza ukishaishika mkononi, muuzaji anakwambia "hii Mjerumani mtupu bosi" na wewe hujui pa kuangalia.

Kubali kwanza jambo moja. Karabai iliyofanya kazi ziwani haiwezi kubaki na spea zote za kiwandani, maana ilikuwa chombo cha kazi, kioo kikipigwa na maji kikiwa cha moto kinapasuka, sindano inaisha, ngozi ya pampu inakauka, na mvuvi hakuwa na habari ya spea imetoka nchi gani, alikuwa anataka mwanga arudi kwenye maji kabla dagaa hawajatawanyika. Kwaiyo kazi yako siyo kuuliza taa ni oji au feki, kazi yako ni kuisoma kipande kwa kipande, hiki cha lini, hiki kimeingia baadaye, alafu ndo uamue unalipa nini.

Anza na tanki, hilo ndo kitambulisho. Pangusa kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, usiparuze na msasa wala steel wool, alafu soma mihuri ukiwa umeilaza taa upande ili mwanga uingie kwa chini kwa mshazari, tochi ya simu inatosha. Petromax, hiyo ndo karabai ya Kijerumani yenyewe, ni kazi ya kampuni ya Ehrich & Graetz ya Berlin, na ile kubwa inayopatikana sana ni namba 829 ya nguvu ya mishumaa 500. Ukikuta herufi D.R.P. au D.R.G.M. furahi, hizo ni alama za hataza na usajili wa Ujerumani ya kabla nchi haijagawanyika, maana yake muundo ule ni wa kabla ya vita ya pili kuisha au karibu na hapo. Ukikuta imeandikwa West Germany au Western Germany basi ni ya baada ya 1949, kipindi hicho Graetz walikuwa wameshahamia Altena upande wa magharibi. Ukikuta picha ya nanga na neno Anchor, au kipepeo na Butterfly, hiyo ni ya China. Na usiidharau, ziwa letu limelishwa na hizo za China kwa miaka mingi kuliko watu wanavyopenda kukiri, ila usiilipie bei ya Berlin.

Sumaku. Toa kwenye spika mbovu, tembea nayo mfukoni. Tanki la shaba ya njano haling'ang'anii sumaku hata kama juu limepakwa nikeli. Lakini hapa watu wanakosea kote kuwili: China nao walitengeneza matanki ya shaba, kwaiyo sumaku kuteleza siyo ushahidi wa Ujerumani, na wakati wa vita Wajerumani walikuwa wanabana shaba iende kwenye silaha, kwaiyo zipo taa zao za miaka hiyo zenye tanki la chuma. Sumaku inakwambia ni madini gani basi, muhuri ndo unakwambia ni nani.

Rangi nayo ina maneno. Nikeli ya zamani ina umanjano kwa mbali, ina joto fulani ukiitazama, kromu ni nyeupe inayoelekea bluu na inang'aa kama kioo. Sasa vua kofia ya juu uangalie sehemu ambazo jua na vidole havifiki, pale chini ya ukingo, ndani ya ule mzingo kioo kinapokaa, hapo utaona rangi ya kuzaliwa. Kama tanki lina nikeli iliyochoka vizuri alafu kofia ni kromu inameta, hizo hazikuzaliwa pamoja, hata muuzaji aape kwa bibi yake. Angalia pia mikwaruzo: kipande kilichokaa mahali pake miaka mingi kinaacha alama pale kinapogusana na mwenzake, na alama hizo zinatakiwa zipatane. Kofia mpya juu ya tanki la zamani inacheza au inabana sehemu ambayo haina mchubuko.

Taa zetu za ziwani zina bahati moja ambayo za pwani hazina, maji yetu hayana chumvi. Karabai ya Kojani au Kilwa unaikuta imeliwa mpaka kwenye nyuzi za skrubu, ya Ukara unaweza ukaikuta chafu, nyeusi kwa masizi, ila chini ya uchafu nikeli imetulia. Kwaiyo usikimbie uchafu. Kimbia taa iliyong'arishwa kwa mashine, wale jamaa wanaipeleka kwa fundi wa bafu, ile mashine ya kung'arishia chuma, inatoka inawaka kama sufuria ya harusi, ila mihuri imelika nusu, na muhuri ukishalika haurudi.

Ndani sasa. Petromax ina utaratibu mzuri, spea zina namba: jeti, kale katundu ka kutolea mvuke, ni 50, sindano yake ya kukazibua ni 68, ile nozo ya udongo inayoshika soksi ya taa, kile kitambaa kinachotoa mwanga, ni 3. Za China zimenakiliwa mle mle kwaiyo nyingi zinaingiliana, na ndo maana utakuta tumbo la Mjerumani lina utumbo wa Mchina na taa inawaka bila wasiwasi. Kwangu mimi jeti, sindano, ngozi ya pampu na mpira wa mfuniko havihesabiwi kabisa kwenye bei, hivyo vilitengenezwa vife. Vinavyohesabika ni tanki, kofia, mzingo wa kioo na bomba la ndani linalopeleka mvuke. Geji ya presha iko katikati, nzuri kuipata ya zamani, ila hata wenyewe walikuwa wanaibadilisha.

Kioo ukikuta kina muhuri mdogo wa Schott wa Jena, basi shika hicho kioo kwa mikono miwili maana huenda ni adimu kuliko taa yenyewe. Huku kwetu vioo havikai. Vingi utakavyoviona havina muhuri wowote.

Kuna hizi za jeshi pia, ndo zinazotafutwa zaidi na zinazodanganyiwa zaidi. Uingereza walitumia sana Vapalux, iliyotengenezwa na Willis & Bates wa Halifax. Ya jeshi tafuta mshale mpana, mistari mitatu inayokutana kwenye ncha, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mara nyingi karibu yake kuna mwaka. Rangi yake kawaida ni kijani cha jeshi. Mshale halisi umegongwa kwenye kiwanda, una kina kile kile pande zote na rangi imeingia mpaka ndani ya muhuri, wakati mshale wa tindo la fundi mtaani mstari mmoja umezama mwingine umeparuza na unaona shaba mpya inang'aa ndani yake. Tilley nayo ni ya Uingereza ila ukisoma X246 ujue hiyo imekuja baada ya vita, asikuuzie mtu kwamba ilipigana na Hitler.

Alafu kuna kitu wakusanyaji wengi wanakitupa na mimi nakataa: yale mabati ya kurudisha mwanga yaliyokatwa kwenye madebe, waya za kufungia taa kwenye boya, kishikio kilichochomelewa na fundi wa kambini. Siyo oji ya kiwanda, sawa, ila ni oji ya ziwa. Ukiyatoa yatie kwenye mfuko, andika yametoka kwenye taa gani, na umuulize mzee aliyekuuzia. Msalimie kwanza, shikamoo babu, kaa chini, usianze na bei, maana atakwambia taa ilinunuliwa wapi na nani aliibadilisha kofia, na hiyo habari hakuna muhuri utakaokupa.

Kabla ya kulipa jaribu tanki bila mafuta: funga, piga pampu kidogo, lizamishe kwenye ndoo ya maji uangalie mapovu. Mapovu kwenye mfuniko ni mpira tu. Mapovu kwenye mshono wa chini, au ukikuta donge la risasi ya kuchomelea limepakwa pale, hiyo ni ya kuweka kabatini, usiiwashe maisha yako yote. Ambayo ni nzima ukiiwasha iwashe nje, mafuta ya taa safi, usizidishe mstari mwekundu wa geji, na petroli usiiguse kwenye Petromax hata kidogo. Soksi za zamani nyingi zina thoriamu ambayo ina mionzi, kwaiyo ile ya zamani ikikatika usipulize vumbi lake, lowesha kitambaa ufute, tupa, nawa.

Bei sasa: tanki na kofia vikipatana na muhuri unasomeka, nunua hata kama utumbo wote ni wa China, huo utabadilisha taratibu. Tanki likiwa limechomelewa chini au muhuri umefutika kwa bafu, lipa bei ya spea tu, ukachomoe kioo na kofia.