Fizikia chuoni: hesabu mibembeo 20, si mmoja

Mdogo wangu unayetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu) na divisheni wani yako, hongera, ila ule mtindo wa kukariri pasti pepa uuache huko huko kidato cha sita. Mimi niliingia nao chuoni, mwaka wa kwanza nikala sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Wenzangu wako makwao, mimi nabukua likizo nzima nikiogopa kudisko, yaani kufukuzwa chuo.

Kilichoniokoa ni maabara. Jaribio lenyewe unalijua: ning'iniza gololi ya chuma kwa uzi wa mita 1, ibembee, tafuta g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Nilipima mbembeo mmoja, stopwochi ikasoma sekunde 1.8, na g yangu ikatoka 12.2! Fundi wa maabara, wala si mhadhiri, akacheka: "Kidole chako kinakosea. Hesabu 20, halafu gawanya." Mara 20 zikachukua sekunde 40.1. Kosa la kidole lilikuwa lile lile, kama sekunde 0.2, ila sasa limegawanywa kwa 20. Nikapata 9.8, ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo kila namba daftarini iandikie pembeni inaweza kukosea kwa kiasi gani. Tumia wino, ukikosea, kata mstari mmoja, usifute. Hesabu za difarensho (za kasi ya mabadiliko) usiziahirishe hata wiki, maana mawimbi, umeme na kwantamu vyote vimezikalia. Na bumu la kwanza, ile pesa ya mkopo, lisiishie kwenye simu: tafuta laptopu ya mtumba, ujifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta.

Nyumbani watakuuliza, "Kwa hiyo utakuwa mwalimu?" Ukipenda, ndiyo, na wanahitajika. Lakini kuna utabiri wa hali ya hewa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), udhibiti wa mionzi TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki), umeme wa jotoardhi kule Olkaria kwa majirani zetu Kenya. Anayependa nadharia aiangalie EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia ya Kigali, au diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam huko Trieste, Italia, mwaka 1964.

Mimi, baada ya shahada ya pili, niko hospitali: mfizikia wa tiba. Kobalti-60, chanzo cha mionzi ya kutibia saratani, hupungua nguvu hadi nusu kila miaka 5.27, karibu asilimia 1 kwa mwezi. Dozi iliyochukua dakika 2 mwezi Januari, Desemba inataka dakika 2 na sekunde 15. Ni ule ule mlinganyo wa kupungua kwa mionzi wa mwaka wa pili, ila sasa chini ya mashine amelala mama wa mtu. Ndiyo maana tunazamisha kipima mionzi kwenye tangi la maji linaloiga mwili wa mtu, nasoma mara 3, kisha mwenzangu anarudia hesabu zote bila kuziona zangu.